Taa ya Darasa Barazani kwa Bi. Mwanahawa

Magomeni, Dar es Salaam
Jumatatu, alasiri

Mdogo wangu Damari,

Nakusalimu wewe pamoja na wote walio chini ya paa la nyumba yetu, na kwa kinywa chako namwamkia Mama. Shikamoo hiyo umfikishie kabla hajala, maana akishashiba hasikii maneno ya mtu. Natumaini kifua chake kimetulia sasa ambapo baridi ya Lushoto imeanza kupungua, na kwamba dawa niliyompa utingo wa basi imefika ikiwa na kizibo chake. Wewe mwenyewe hukusema neno juu ya mgongo wako. Unaponyamaza najua kwamba unauma. Mimi ni mzima. Magoti hulalamika asubuhi na macho huchoka mapema, lakini hayo siyaiti maradhi. Naomi, binti yangu, ambaye amenihifadhi nyumbani kwake tangu mama yake alipofariki, naye ni mzima, ila tangu jana hasemi sana. Sababu utaiona.

Barua yako ilikuwa fupi na swali lake lilikuwa moja: narudi au sirudi? Umenikumbusha ahadi niliyompa Mama, kwamba darasa langu la jioni likifungwa nitafungasha vitu vyangu nije kumtunza, nawe upumzike. Ahadi hiyo niliitoa na siikani. Sikukujibu mapema kwa sababu jibu halikuwa mikononi mwangu. Lilikuwa mikononi mwa usharika, na usharika ukikutana kuamua jambo hauna haraka. Jana umeamua. Basi vumilia nikueleze kwa utaratibu, kwa kuwa nikikupa jibu tupu utadhani nimelitoa kwa wepesi.

Darasa lenyewe hujapata kuliona. Liko katika chumba cha nyuma ya kanisa letu pale Kariakoo. Wanafunzi wangu ni wasichana wa kazi za ndani, wapagazi wa sokoni na vijana wanaotembeza bidhaa mikononi. Wengine ni Wakristo, wengine ni Waislamu, na sijapata kuwauliza. Wote ni watu ambao mchana si wao. Maduka yakifungwa na masufuria yakioshwa, ndipo wanapokuja kujifunza kusoma na kuandika. Kwa hiyo darasa hilo ni la jioni au si darasa.

Nawe umesikia redioni habari za mgao wa umeme. Huko kwetu, ambako nyumba nyingi hazijapata kuuona huo umeme, mgao ni habari. Hapa ni maisha. Jua likizama, mtaa mzima unazimika, na papo hapo jenereta za wenye maduka zinaanza kunguruma kando ya barabara, kila duka na lake. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, Kariakoo imejaa kila kitu isipokuwa utulivu. Sisi tulijaribu mishumaa, kisha tukajaribu karabai. Siku moja karabai ilidondosha cheche na kuunguza pazia la madhabahu, na Mchungaji akapiga marufuku moto wa aina yoyote ndani ya jengo. Nilimwona ana haki. Nikawaambia wanafunzi wakae nyumbani mpaka nitakapowaita.

Wakati huo washarika walikuwa wamekwisha kuchanga kwa ajili ya kurekebisha jengo: paa la vigae linalovuja, na umeme. Paa halikuwa na ubishi. Umeme ndio uliotugawa. Mimi, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya majengo, nilipendekeza tuweke paneli za umeme wa jua juu ya paa hilo jipya. Vijana wa kwaya walitaka jenereta, na aliyewasemea ni mwalimu wao wa kwaya. Mwalimu huyo ni Naomi.

Sitaki ufikiri kwamba binti yangu hakuwa na hoja. Alikuwa nayo. Paneli tulizoweza kuzinunua zingewasha taa za kanisa, za ofisi na za darasa kila jioni, bila moshi, bila kelele na bila kununua mafuta. Lakini zisingeweza kuendesha kinanda cha umeme wala spika. Jenereta ingeendesha vyote, lakini mafuta yake ni ghali. Ingewashwa siku ya ibada na saa za mazoezi ya kwaya tu, na ikiwashwa hakuna mtu ndani ya uwanja wa kanisa anayeweza kumfundisha mwenzake irabu. Tulichokuwa tunachagua, kwa kweli, ni darasa au kwaya. Na kwaya yetu ilikuwa inamomonyoka. Katika uwanja ulio karibu pamesimamishwa hema la kanisa jipya, na kila jioni spika zao zinasikika mpaka sokoni. Vijana wetu walikwenda kusikiliza, na baadhi yao hawakurudi.

Mezani tulizungumza hivi, jioni moja baada ya nyingine.

"Baba," husema Naomi, "vijana hawaji kanisani kutazama taa."

"Wala hawaji kusikiliza injini."

"Wanakuja kuimba. Kule hemani kuna spika ndefu kuliko wewe."

"Kwaya iliyoimba siku nilipofunga ndoa na mama yako haikuwa na spika, na watu walisikia."

"Walisikia kwa sababu nje hapakuwa na jenereta kumi na moja, Baba. Kula, ugali unapoa."

Hapo hula, kwa kuwa hiyo ya jenereta za nje ni kweli.

Ili watu waone kitu chenyewe badala ya kubishana juu ya hewa, nilikwenda kwa Bwana Kanti. Huyu ni Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme mtaa wa pili, mtu wa maneno machache, mfanyabiashara kama baba yake na babu yake. Alituazima paneli moja ndogo, betri yake na taa ya tyubu, tuvionyeshe usharikani kisha tumrudishie. Jumapili ile tuliviweka mbele, karibu na madhabahu, ili kila mtu avione. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wajua desturi yetu, maana ndiyo hiyo hiyo ya huko nyumbani. Asiye na fedha ya sadaka huleta alichonacho: mayai, miwa, mkungu wa ndizi, jogoo. Huwekwa mbele ya madhabahu, Mchungaji huviombea, na baada ya ibada hunadiwa mlangoni. Na wajua pia kwamba katika mnada huo mtu hununua kikapu cha mayai, hulipa, kisha husema, "Narudisha!", kikanadiwa tena, na tena, mpaka mayai yale yale yawe yamemtolea Mungu sadaka ya watu wanne. Mnadi wetu ni Mzee Gideoni, mzee wa kanisa mwenzangu, aliyewahi kuwa karani wa bandarini na ambaye sauti yake ingeweza kusimamisha meli. Gideoni ana imani moja isiyotikisika: kitu chochote kilichowekwa mbele ya madhabahu na kuombewa ni mali ya Bwana, na mali ya Bwana hunadiwa.

Mimi nilikuwa ofisini na Mchungaji. Nilisikia sauti kutoka nje.

"Wapendwa, mayai yamekwisha, ndizi zimekwisha. Sasa nina jua! Nani anampenda Bwana kwa jua hili?"

Watu wakacheka. Nilipofika mlangoni, msharika mmoja alikuwa ameinunua paneli na kusema, "Narudisha!" Wakapiga makofi. Wa pili naye akanunua akarudisha. Nilimpungia Gideoni mkono aache. Naye, kwa furaha aliyokuwa nayo, alidhani nashangilia.

Kwenye minada yetu huja pia majirani, maana mnada uko barabarani na barabara ni ya wote. Mmoja wao ni Bi. Mwanahawa, mjane wa Kiislamu ambaye nyumba yake ya Kiswahili imepakana na ukuta wa kanisa. Ukoo wake ulikaa hapo kabla kanisa halijajengwa. Asubuhi hukaanga vitumbua barazani, na Jumapili hununua mayai kwetu kwa sababu, asemavyo, kuku wa Wakristo hawana kiburi. Naye akataja bei. Washarika wakangoja, kila mmoja akitazamia kwamba mama wa watu atarudisha, na mchezo uendelee.

"Mara ya kwanza!" akapaza Gideoni. "Mara ya pili! Mara ya tatu! Imekwenda kwa Bi. Mwanahawa!"

Bi. Mwanahawa akalipa. Akajitanda kanga kichwani, akainua paneli, akamwita mjukuu wake mkubwa abebe betri na taa, akaingia kwake.

"Bibi!" Gideoni akaita. "Hurudishi?"

"Nirudishe nini, na nimelipa? Jogoo wenu wa Pasaka nilimnunua hapa hapa, akafa siku ya tatu. Nilikuja kurudisha?"

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwake. Mwenyekiti wa kamati ni mimi, na kitu kilichouzwa hakikuwa chetu.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu. Umekuja kwa vitumbua au kwa jua?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba paneli ile ni ya dukani, kwamba Gideoni alikosea, na kwamba fedha yake tutamrudishia yote. Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua. Kisha akasema, "Mwalimu, mmeninadia wenyewe, mchana kweupe, mbele ya Mungu wenu, mara tatu kwa sauti. Leo unaniambia mlikuwa mnacheza? Sisi kwetu biashara ni biashara. Nenda kamwulize mwenye duka. Yeye akisema nirudishe, nitarudisha. Wewe na yule mpiga kelele hamna kauli."

Nikaenda kwa Bwana Kanti. Nilimweleza yote bila kumficha neno. Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta, akacheka kidogo.

"Mwalimu, acha ikae kwake. Fundi wangu ataifunga juu ya nyumba yake leo. Mtaa wote giza, nyumba moja ina taa. Watu watauliza, 'Taa hii ya nani?' Watakuja kwangu. Fedha aliyotoa niletee mimi, inatosha. Na nyinyi mkiamua kununua, mnunue kwangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Jioni ile ile umeme ulipokatwa, baraza ya Bi. Mwanahawa iling'aa peke yake. Nilipita hapo nikitoka kanisani na nilikusudia kupita tu. Akaniita.

"Mwalimu! Wale watoto wako wamekwenda wapi? Zamani nilikuwa nawasikia kupitia ukutani wanaghani a, e, i, o, u mpaka nikazoea kulalia. Sasa nasikia injini tu. Walete hapa. Taa hii mimi peke yangu nifanye nayo nini, nihesabu mbu?"

Damari, nilisitasita. Darasa la kanisa barazani kwa Mwislamu ni jambo ambalo wazee wenzangu wangelizungumza, na walilizungumza. Lakini Mchungaji alisema jirani ni jirani, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa bure. Nikawaita. Walikuja karibu wote. Waliketi juu ya mikeka, ubao nikauegemeza mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu mgao uanze niliona maandishi yangu mwenyewe. Shabani, mpagazi mtu mzima mwenye watoto, alilitazama daftari lake akasema, "Kumbe Mwalimu, siku zote nimekuwa naandika nje ya mstari!" Bi. Mwanahawa huketi pembeni na tasbihi yake, akidai hasikilizi. Mtu akikwama, husikia sauti yake:

"Wewe Shabani! Gunia la mchele unalibeba, neno moja linakushinda?"

Tukaendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Nilidhani nafanya jambo jema, na lilikuwa jema. Sikuona kwamba kila jioni niliyofundisha hapo nilikuwa najenga hoja dhidi yangu mwenyewe.

Jana, baada ya ibada, ulifanyika mkutano mkuu wa usharika. Mchungaji aliniomba niongoze kikao, na mwenye kuongoza kikao habishani. Anatoa nafasi ya kusema na kunyamaza. Nilikubali, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Walisema vijana, wakasema kina mama, wakasema wenye kujua mafuta na wenye kujua betri. Joto lilikuwa kali na watoto walianza kulia. Ndipo aliposimama Gideoni.

"Wapendwa, Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi nililaumiwa hapa kwa kunadi ile paneli. Wengine mliniita mzee mlevi, na mwajua sinywi. Sasa tazameni njia za Mungu! Darasa la Mwalimu lina taa. Lina taa nzuri kuliko ya kwetu! Halituhitaji tena. Basi kilichobaki ni kwaya. Tununue jenereta, tufunge kwa sala, twende tukale."

Makofi yalipigwa na karibu kanisa zima, hata na baadhi ya wale niliowahesabu kuwa upande wangu. Niliwaelewa. Wamechoka kama nilivyochoka, na hapo palikuwa na njia ya kumridhisha kila mtu na kwenda nyumbani. Nami nilikuwa nimekaa pale mezani na kengele mbele yangu, nimezuiwa na kiti changu kusema neno. Nilifikiri juu ya Lushoto. Nakiri kwamba nilifikiri, "Basi, yamekwisha, nitarudi kwa Mama," na fikra hiyo haikuniuma. Nilikuwa kama mtu anayeruhusiwa kuketi.

Naomi akanyoosha mkono. Nilimpa nafasi kama nilivyompa kila mtu. Nilidhani amesimama kupigilia msumari wa mwisho.

"Mwenyekiti," akasema, wala hakunitazama, "mimi nataka jenereta. Nimeitaka tangu mwanzo na leo nitasimama upande wake. Vijana wangu wanajua. Lakini Mzee Gideoni amesema jambo ambalo si kweli, na sitaki tushinde kwa jambo lisilo kweli. Darasa halina taa. Taa ni ya Bi. Mwanahawa. Nyumba ile watoto wake wanataka iuzwe, ijengwe ghorofa. Kila mtu wa mtaa huu anajua wanunuzi wanakuja kupima kiwanja. Siku itakapouzwa, darasa litakuwa barabarani. Na jenereta yetu itakaa wapi? Chini ya ukuta ule ule, dirishani kwake, na ikinguruma hata pale barazani hakuna atakayefundishwa. Tukiichagua, tuseme wazi kwamba tumechagua kwaya na tumefunga darasa. Mimi niko tayari kusema hivyo. Asiye tayari asijifiche nyuma ya baraza ya jirani."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Niliita kura kwa kusimama. Wa jenereta walisimama kwanza, na Naomi alikuwa wa kwanza kati yao, kama alivyosema. Kisha wakasimama wa paneli. Kina mama walisimama karibu wote. Wao ndio hupita jioni mbele ya ile baraza wakitoka sokoni, na baadhi yao wasichana wao wa kazi wamo darasani. Wazee wengine walijiinua polepole, mmoja baada ya mwingine, wakitazama sakafu. Mchungaji na katibu walihesabu mara mbili, kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo sana. Tutaweka paneli. Nilitangaza matokeo, nikagonga kengele, nikafunga kwa sala. Sikumbuki niliomba nini.

Watu walipotoka, vijana wa kwaya walibaki. Hawakufanya fujo wala hawakumtukana mtu. Walivua majoho yao, wakayakunja vizuri, wakayaweka juu ya benchi la mbele, mmoja mmoja, wakatoka. Si wote, lakini wengi. Naomi alisimama pale mpaka wa mwisho alipotoka. Kisha akayakusanya yale majoho, akayafunga ndani ya kanga, akajitwika.

Tulirudi Magomeni kwa miguu kupitia Jangwani, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyetaka kukaa na watu. Nilimwomba anipe furushi, akakataa. Tulikuwa tumekwisha kuvuka bonde aliposema:

"Baba, ningekaa kimya, ungeshindwa."

"Najua."

"Ungefunga darasa, ukaenda kwa Bibi, Lushoto."

"Najua, mwanangu."

"Nilitaka uende. Unadhani sioni unavyotembea? Nilitaka jenereta, na nilitaka ukapumzike. Vyote viwili nilikuwa navyo mkononi leo."

Nilimwuliza kwa nini basi alisimama. Akasema, "Ulinilea wewe." Hakulisema kama sifa, Damari. Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Tukaenda mbele kidogo. Nikamwambia kwamba hakuna aliyenifunga. Taa zitawekwa, mwalimu mwingine anaweza kutafutwa, nami naweza kurudi nyumbani kama nilivyomwahidi Mama. Akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mkutano.

"Vijana wangu wameondoka kwa ajili ya taa hizo. Na wewe ukiondoka, nitawaambia waliondoka kwa ajili ya nini?"

Mwalimu mwingine hakuna. Nimeshamtafuta kwa miaka. Vijana wa siku hizi wenye elimu wanataka kufundisha masomo ya ziada kwa wenye uwezo wa kulipa, wala siwalaumu, maana mshahara wa mwalimu tunaujua. Leo asubuhi nilikwenda kwa Bwana Kanti kumpa habari, kisha nikapita kwa Bi. Mwanahawa kumshukuru na kumwambia kwamba taa zetu zikiwekwa tutamwondolea usumbufu. Alinipa vitumbua ndani ya karatasi na hakutaka malipo. "Mwalimu," akasema, "umepata ulichotaka, mbona uso kama wa mfiwa?" Nikamwambia ni usingizi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni hili: sirudi. Ahadi ilisema darasa likifungwa, na darasa halikufungwa. Lakini mimi na wewe hatujalelewa kujificha nyuma ya sharti. Mama alisikia kwamba nitarudi, wala hakusikia "likifungwa". Najua umri wake. Najua ninachokuomba wewe, ambaye umembeba peke yako miaka hii yote, na ambaye mgongo wako husemi unavyouma. Sina njia ya kukiomba kikawa chepesi. Nitatuma kila mwezi nilichokuwa natuma. Zaidi ya hapo sitaahidi tarehe wala sikukuu, kwa kuwa sitaki Mama asubiri kwa ajili ya neno langu tena.

Umeandika mwishoni kwamba Mama ameagiza chumba cha marehemu Baba kipakwe chokaa na kitanda kifungwe kamba mpya kwa ajili yangu. Mpe chumba hicho mwanao Samweli na mke wake. Wahamie juma hili, kabla Mama hajazoea kukiona kitupu. Mama akikataa, mwambie ni amri yangu, mimi mwanawe wa kwanza, na aninung'unikie mimi. Na barua hii msomee yote. Nakujua: utataka kuruka aya hizi mbili, au kuzilainisha. Usifanye hivyo. Msomee kama zilivyoandikwa, kwa sauti yako ya kawaida, kisha kaa naye.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na umwambie mbegu za kabichi alizoagiza zitakuja na basi la Alhamisi. Nisalimie Samweli na mkamwana wetu, na yule mjukuu ambaye sijamwona. Mjomba Yeremia mpe mkono wangu, na shangazi wa kule juu mwambie nimezipata pea alizotuma, nusu zilikuwa zimepondeka na nusu tulizila siku hiyo hiyo. Mwinjilisti wa mtaa wetu mwombe apite kumwona Mama mara nyingi kuliko kawaida, na asimweleze kwamba nimemwomba. Naomi anakusalimu, shangazi yake. Yuko uani anafua majoho. Anasema yakikauka atayapiga pasi na kuyatundika yote mahali pake.

Kwa Mama sina salamu nyingine iliyo sawa na ile ya mwanzo. Mrudishie hiyo hiyo.

Wako, mtoto mwenzako wa tumbo moja,

Zefania